Maziwa si ya Kila Tumbo

Katika shule za bweni hapa Uganda kikombe cha uji wenye maziwa huhesabiwa kuwa hisani. Mwanafunzi akikipokea hushukuru, akikikataa huulizwa, "Kwenu mwala nini kilicho bora kuliko hiki?" Nataka kuwatetea hao wanaokataa, maana mimi mwenyewe ni mmoja wao, na nimefikia umri wa miaka 19 nikiwa na afya njema na nguvu za kucheza mpira.

Kwanza tulielewe jambo lenyewe. Ndani ya maziwa ya ng'ombe mna sukari iitwayo laktosi, yapata gramu 5 katika kila gramu 100. Mtoto mchanga huzaliwa na uwezo wa kuivunja, kwa kuwa utumbo wake mwembamba hutoa kimeng'enya kiitwacho laktasi. Akiisha kuachishwa ziwa, kwa watu walio wengi kimeng'enya hicho hupungua mwaka kwa mwaka. Basi mtu mzima wa namna hii akinywa maziwa mengi, sukari ile hupita nzima hadi utumbo mpana, na huko bakteria huichachusha kama pombe mtungini. Tumbo hujaa upepo na kunguruma, sukari nayo huvuta maji, na mwenye tumbo hukimbilia chooni.

Yapata watu wazima wawili katika kila watatu duniani wamo katika hali hii. Kwa hiyo mimi hucheka kidogo nisomapo vitabu vya afya, maana huiita "upungufu". Vitabu hivyo viliandikwa kwanza na watu wa Ulaya ya kaskazini, ambako aghalabu watu wazima hunywa maziwa bila taabu. Kama uchunguzi ungalianzia Buganda, labda vingalituandikia habari za watu wa ajabu ambao matumbo yao hayajaarifiwa kuwa wamekwisha kuachishwa ziwa.

Hata hivyo uchunguzi ulifika kwetu mapema. Mwaka 1966 madaktari G. C. Cook na S. K. Kajubi walieleza katika Lancet, gazeti la madaktari la London, habari za laktasi katika makabila ya Uganda. Waliona kuwa kwa Waganda na jamaa zao wakulima upungufu huo ni wa kawaida, lakini kwa Wahima na Watutsi, watu wa ng'ombe, walioweza kuyasaga maziwa walikuwa wengi. Kisha mwaka 2007 wataalamu walioongozwa na Sarah Tishkoff wa Marekani, baada ya kuwapima watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, walionyesha kwamba wafugaji wa Afrika ya Mashariki waliupata uwezo wao kwa badiliko la urithi lililo mbali na lile la Wazungu. Haya si ya kujivunia kabila. Katika bweni moja utamkuta mtoto wa mfugaji aumwaye na maziwa, na mtoto wa mlima ndizi anywaye kata nzima na kulala usingizi.

Ndiyo sababu nachukizwa na dhihaka. Katika shule moja niliyopitia nilipokuwa mdogo, mtoto aliyeomba ruhusa mara mbili katika kipindi cha kwanza alipigwa fimbo kwa uvivu. Hakuna aliyemwuliza amekunywa nini asubuhi. Mtoto wa kidato cha kwanza akiisha kuitwa "mtoto wa mayai" mbele ya wenzake, atakunywa ili asichekwe, kisha atakaa katika hesabu akiwa amelishika tumbo, na mwisho wa muhula tutasema hana akili.

Mtu wa namna hii ale nini? Ale karibu kila kitu. Walio wengi huweza kunywa kikombe kimoja pamoja na chakula wasidhurike. Maziwa yaliyoganda, ambayo hapa tunayaita bongo, huwa mepesi zaidi tumboni, maana bakteria wamekwisha kula sehemu ya sukari. Samli karibu haina sukari hiyo kabisa. Kuhusu mifupa, ambayo kina mama huihofia sana, ulezi una kalisi nyingi kupita nafaka zetu nyingine. Mukene, wale dagaa wa Ziwa Victoria, huliwa pamoja na mifupa yao. Tena kuna mboga za majani na ufuta. Ni chakula cha babu zetu, na sokoni kipo.

Lakini wako wachache ambao hali yao ni nyingine, na watu huwachanganya na sisi. Hao miili yao hupigana na protini ya maziwa yenyewe. Hata kidogo tu, hata bongo, huweza kuwatoa vipele, kuwavimbisha midomo na kuwabana pumzi, na wengine wamekufa. Mwenzako akikwambia kuwa yu katika hao, usimtilie tone kwa siri ili kumjaribu.

Wako pia waongo. Nawajua wenzangu ambao tangu wasikie habari hizi huamka kila Alhamisi wakisema maharagwe yanawadhuru. Maharagwe hayajawadhuru, yamewachosha. Watu kama hao humfanya mpishi asimwamini yeyote.

Ugenini nako kuna taabu yake. Ukifika Ankole kumtembelea rafiki, maziwa ndiyo heshima ya kwanza, na kuyakataa mbele ya mama mwenye nyumba ni kama kumrudishia mkono wake. Mimi humtuma rafiki yangu atangulie kueleza. Mara mbili nimefanya hivyo, na mara zote mbili nililetewa eshabwe, ile samli iliyopigwa kwa maji na chumvi ya magadi hata ikawa nyeupe, pamoja na ugali wa ulezi. Nilikula mpaka wenyeji wakafurahi.

Nanyi mliokwisha kumaliza shule, ambao sasa mna nyumba zenu au mnafundisha, mtoto akisema maziwa yanamwuma, myaache kwa wiki mbili mwone. Akipona, myarudishe kidogo kidogo kutafuta kipimo chake. Akiendelea kuhara au kukonda, apelekwe kwa daktari, maana minyoo na maradhi mengine hufanya vivyo hivyo.

Hapa shuleni naomba jambo moja: uji upikwe kwa maji, na maziwa yaletwe mezani katika birika lake, kila mtu ajitilie. Mpishi nimekwisha kumwuliza. Asema yawezekana, mradi viranja wa mabweni wampelekee hesabu ya vikombe tangu jioni, na birika la pili linunuliwe.