Biashara ya Fedha Yataka Mwalimu

Siku hizi kila likizo ikiisha nasikia mazungumzo yale yale bwenini: nani amenunua dola, nani ameuza pauni, nani amepata faida kwa simu yake usiku mmoja. Wanaotaja hasara ni wachache. Lakini mwaka 2018 wasimamizi wa masoko ya fedha wa Ulaya walitangaza kwamba katika biashara ya kukisia bei kwa mkopo wa dalali, akaunti 74 mpaka 89 katika kila 100 za watu wa kawaida hupoteza fedha. Habari hii yafaa kusomwa na kila kijana kabla hajagusa karo aliyopewa na wazazi wake.

Sisemi kwamba kazi hii haiwezekani. Hata bei ya kahawa yetu ya Uganda hufuata masoko ya namna hii: robusta huko London, arabika huko New York. Nisemalo ni kwamba ni kazi ya ufundi kama useremala, nayo yataka bidii ya siku nyingi na watu wa kukushika mkono.

Mtazameni Richard Dennis wa Chicago, Marekani. Alipokuwa hajatimiza miaka 21 hakuruhusiwa kufanya biashara sokoni, basi baba yake akasimama humo kwa niaba yake. Kisha, kama mwaka 1970, alikopa dola 1,600 kwa jamaa zake. Dola 1,200 zilinunua haki ya kuingia sokoni, zikabaki 400 za kuanzia. Watu husimulia utajiri wake, wakamsahau baba yule.

Mwaka 1983 Dennis alibishana na mwenzake William Eckhardt. Eckhardt alisema mfanya biashara wa namna hii huzaliwa na kipawa. Dennis alisema hufundishwa. Wakatangaza magazetini, wakachagua watu wachache, wakawafundisha kwa wiki 2, wakawaita Kobe. Kanuni hazikuwa nyingi: fuata bei inakokwenda, toka mapema hasara inapoanza, usihatarishe zaidi ya 2 kwa 100 ya mtaji katika biashara moja. Kisha Dennis akawapa fedha zake mwenyewe wazifanyie kazi. Kwa muda wa miaka kama 5 walipata faida inayotajwa kupita dola milioni 175.

Je, ugumu ulikuwa wapi? Kanuni zile waliambiwa wote, hata hivyo wengine walishindwa kuzifuata, wakaachishwa. Jambo gumu ni kushika kanuni ile ile baada ya hasara 5 au 6 mfululizo. Hapo ndipo mtu huhitaji mkubwa wa kumwambia "Endelea" au "Acha." Dennis mwenyewe alipata hasara kubwa, akafunga mifuko ya fedha za watu mwaka 1988. Ikiwa fundi mkuu alijikwaa, mwanafunzi aliye peke yake na simu yake atasimamaje?

Kwa hiyo natoa maoni mawili. Wenzangu, tuanze chama hapa shuleni. Tuandike bei za kila wiki daftarini, tununue na kuuza kwa kalamu tu bila kuweka hata senti moja, na tufanye hivyo mwaka mzima. Asiyeweza kutunza daftari mwaka mmoja hataweza kutunza mtaji.

Nanyi kaka zetu mliomaliza hapa, mlio katika mabenki na biashara ya kahawa, njoni mara moja kila muhula mkague madaftari yetu. Tuelezeni na hasara zenu, si faida tu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini anayeinama gizani humfaa mwenzake wa kumshikia taa.