Mwambie Kabla Hajarusha

Nikiwaambia siku hizi Jumamosi alasiri mtanikuta wapi, najua mtacheka. Si saluni, wala si kwenye nyama choma. Niko klabu, nimevaa nguo nyeupe na raba za soli bapa, nasukuma tufe kwenye nyasi pamoja na watu wa umri wa mama mkwe wangu. Na mume wangu yuko hapo hapo, ng'ambo ya uwanja, ananipigia kelele.

Hebu nianze mwanzo. Mwaka jana mimi na mwenzangu tulifika mahali ambapo wengi wenu mnapajua. Hatugombani, hatununiani, lakini pia hatuongei. Jumatatu hadi Ijumaa ni kazi na foleni. Jumamosi yeye yuko kwenye baa na mpira wa Uingereza, mimi na kompyuta yangu. Jioni tunakaa kochi moja, kila mtu na simu yake. Dada yangu alipotutembelea akaniuliza, "Kwani ninyi mmeoana au mmepanga tu nyumba moja?" Nilicheka, lakini usiku ule usingizi ulikataa.

Basi bwana, siku moja mfanyakazi mwenzake mume wangu akatualika kwenye klabu moja hapa Nairobi, zile za zamani alizoziacha Mwingereza, tukajaribu mchezo wa matufe. Si ile boling ya ndani ya jumba yenye pini kumi. Huu ni wa nje, kwenye nyasi zilizokatwa fupi kama zulia. Unarusha kwanza kijimpira kidogo cheupe, kisha kila mmoja anaviringisha matufe yake, na kazi ni kukisogelea kile cheupe kuliko mpinzani wako. Rahisi, sivyo?

Subiri kwanza. Tufe lenyewe lina uzito wa karibu kilo moja na nusu, na halijachongwa duara kamili. Linaanza safari limenyooka, halafu kadiri linavyopoteza mwendo linapinda. Kwa hiyo ukilenga pale unapotaka lifike, umekosa. Inabidi ulenge pembeni, uliache lirudi lenyewe. Na ukilishika kwa upande usio sahihi linapinda kinyume, linakwenda kusalimia uwanja wa jirani. Langu la kwanza lilifanya hivyo hivyo, likasimamisha mchezo wa watu. We acha tu.

Wiki ya tatu tukaanza kucheza wawili wawili, mimi na mume wangu upande mmoja. Mmoja anarusha, mwenzake amesimama kule mwisho, mita thelathini hivi, karibu na kijimpira cheupe. Aliyesimama kule ndiye anayeona hali ilivyo; anayerusha anaona vitone tu. Hapo ndipo ndoa yetu ilipoanikwa hadharani. Narusha, mume wangu anashika kichwa. "Aah! Umetia nguvu mno!" Narusha tena. "Sasa hilo ni la kwenda wapi?" La tatu nililirusha kwa hasira, likatumbukia mtaroni. Nikamwambia mbele za watu aje arushe mwenyewe.

Kulikuwa na mama mmoja ameketi kwenye benchi na chai yake. Akamwita mume wangu taratibu, "Mwanangu, hebu njoo. Mwambie kabla hajarusha. Tufe likishatoka mkononi, maneno ni ya nini?"

Jamani, niliganda. Kwa sababu si uwanjani tu. Nyumbani kwetu kila neno lilikuwa la baada ya tukio. Ungeniambia hukutaka wageni. Ungesema ulihitaji gari. Ungejua nimechoka. Wote wawili tulikuwa mahakimu wa matufe yaliyokwisha kurushwa, na mimi, niwe mkweli, nilikuwa hakimu mkali kumshinda yeye.

Mama yule na mumewe wamecheza pamoja klabuni kwa miaka mingi. Mzee aliingia pale mara ya kwanza akiwa mtoto, akiokota mipira ya tenisi ya wazungu. Enzi hizo mtu mweusi hakuwa mwanachama. Leo picha yake iko ukutani, kando ya vikombe. Lakini presha ya macho imemnyang'anya karibu nuru yote. Kijimpira cheupe hakioni kabisa. Anacheza kwa sauti ya mkewe: "Fupi kidogo kuliko la mwisho, Baba. Upande wa mwembe." Naye analiachia, likaenda likapinda, likatulia pale pale.

Sasa habari kubwa ya klabu mwaka huu ilikuwa mashindano ya wawili wawili. Mzee aliomba mjukuu wake asimame naye pale anaporushia, amsaidie kuelekeza miguu. Baadhi ya wanachama wakapinga. Wakasema kanuni ni watu wawili, si watatu, na kwamba mchezo utachelewa. Mmoja alithubutu kusema labda umefika wakati Mzee apumzike, abaki kuwa mtazamaji. Mama hakujibu kitu. Alikunja kitambaa chake cha kufutia matufe, akamshika mumewe mkono, wakaondoka. Jumamosi iliyofuata hawakuja, na benchi lile lilionekana kubwa ajabu.

Aliyeokoa jahazi ni kijana mmoja mhasibu, mgeni kama sisi. Alisimama kwenye kikao akawakumbusha Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham, mwaka 2022. Mchezo huu una mashindano ya wawili wawili kwa wenye uoni hafifu, na kila mchezaji anaruhusiwa mwongozaji anayemweleza kilichoko mbele. Scotland ilichukua dhahabu hapo, na mmoja wa waongozaji wake, George Miller, alivishwa medali akiwa na miaka 75. Kama Birmingham wameweza, akauliza, sisi tunashindwa na nini? Wakapiga kura. Mjukuu akakubaliwa.

Na kwa wale mnaosema huu ni mchezo wa wastaafu, mwaka huo huo wa 2022 dhahabu ya wanawake wanne wanne ilikwenda India, medali yao ya kwanza kabisa katika mchezo huu. Lovely Choubey, Pinki, Nayanmoni Saikia na Rupa Rani Tirkey waliwafunga Afrika Kusini 17 kwa 10. Wakati huo Choubey alikuwa polisi, Pinki alikuwa mwalimu wa michezo, na Saikia alifanya kazi idara ya misitu. Watu wa ajira, kama wewe na mimi.

Mnataka kujua mashindano yetu yalikwendaje? Raundi ya kwanza tulipangwa na nani kama si Mzee na Mama! Mume wangu akanong'ona, "Tuwaonee huruma kidogo?" Huruma gani! Walitufunga 19 kwa 6. Mzunguko mmoja Mzee aligusa kijimpira cheupe kabisa, mjukuu akakimbia kulipaka tufe chaki kama kanuni inavyotaka, na Mzee akauliza, "Limegusa?" Mama akamjibu kutoka kule mwisho, "Limegusa, Baba." Alisimama kidogo kabla ya kuchukua tufe lingine. Hata wale waliompinga walipiga makofi.

Kwenye gari tukirudi hatukuwasha redio. Tulibishana kuhusu mzunguko wa tisa hadi tukafika getini, kisha tukabaki ndani ya gari tunaongea mambo mengine, yale ambayo mwaka mzima tulikuwa tunayaruka. Sitasema kila kitu kimepona. Juzi tu tumekosana kuhusu karo. Lakini safari hii alianza yeye, kabla ada haijalipwa: "Mama, kuna jambo nataka tuliseme mapema."

Si lazima uende klabu. Ila jaribuni haya mawili mwezi huu. Kwanza, tafuteni kitu ambacho nyote wawili hamkijui, muwe wajinga pamoja. Inanyenyekeza, na inachekesha. Pili, ukiona jambo ambalo mwenzako halioni kutoka pale aliposimama, mwambie sasa, kwa upole, akiwa bado ameshika tufe mkononi.

Nasi Jumamosi tuna mazoezi. Mzee amesema atanifundisha kurusha kwa upande wa kushoto, ambao hadi leo unanishinda. Tukutane mwezi ujao.