Kalembe: Tovuti za tahadhari zinazima, mtandao unasingiziwa

KALEMBE – Jumapili tarehe 20 Oktoba 2024, waasi wa M23 waliingia Kalembe, mji mdogo ulio mpakani mwa wilaya za Masisi na Walikale, jimbo la Kivu Kaskazini. Muda mfupi baadaye wapiganaji wa Wazalendo waliurudisha mikononi mwao. Angola, iliyokuwa mpatanishi, ililaani shambulio hilo kwamba limevunja usimamishaji wa vita ulioanza tarehe 4 Agosti mwaka huo. Siku kama ile, mama mwenye watoto anataka kujua jambo moja tu: akimbilie upande gani, Mweso au Pinga?

Kwa swali hilo, mashirika ya misaada siku hizi yanapenda kuleta tovuti. Kuna ramani yenye alama nyekundu, kuna fomu ya kuandika tukio, kuna ujumbe wa simu unaoingia wenyewe kwenye orodha. Ni kitu kizuri kinapofanya kazi. Lakini kikizima, jibu la wakubwa ofisini ni lile lile: « Ni mtandao wa huko Masisi. » Jibu hilo ni la uvivu, na mara nyingi si la kweli.

Ushahidi wake ni mwepesi. Mtandao wa Kalembe ukikatika, mtu wa Kalembe haoni kitu chochote, lakini Goma, Nairobi na Brussels wanaiona tovuti kama kawaida. Kijana aliyepanda kilima kutafuta mtandao, simu ikamwonyesha kosa namba 500, huyo mtandao anao. Ombi lake limetoka kilimani, limefika mpaka kwenye seva, na seva imemjibu: ndani kwangu kuna kitu kimeharibika. Antena ya Masisi haina kesi hapo. Wa kuulizwa ni mwenye tovuti.

Na mwenye tovuti ameiweka wapi? Bajeti ikiwa ndogo, tovuti huwekwa kwenye seva ya kupanga kwa pamoja. Ni kama kiwanja kimoja chenye wapangaji wengi: wote wanatumia bomba moja la maji na mlango mmoja wa barabarani. Kodi ni dola chache kwa mwezi. Kwa kutangaza mkutano wa vijana au bei ya maharagwe sokoni, inatosha kabisa. Lakini mwenye kiwanja ameweka mipaka: kumbukumbu kiasi hiki, kazi kiasi hiki kwa wakati mmoja. Siku ya amani watu kumi wanafungua ramani na mambo yanaenda vizuri. Siku ya vita wanafungua maelfu, mpaka unafikiwa, na seva inawafungia mlango kwa kosa namba 503 au 508. Basi tovuti ya tahadhari inakufa siku ile ile ambayo ilijengwa kwa ajili yake. Aliyeisimamisha pale bila kufikiria siku hiyo asilaumu milima.

Kuna ugonjwa wa pili, na huo unakuja polepole. Tovuti nyingi za namna hii zimeandikwa kwa lugha ya PHP, na PHP inabadilika. Desemba 2015 lilitoka toleo la 7, likaondoa kabisa njia ya zamani ya kuongea na hifadhidata ya MySQL. Mwisho wa mwaka 2018, toleo la 5.6 lilipoteza matunzo yake ya mwisho. Mwenye kiwanja akibadilisha toleo usiku, programu ya zamani ambayo hakuna aliyeigusa tangu mradi uishe inaamka asubuhi haiwezi kusema neno. Hakuna bomu lililoanguka, hakuna waya uliokatika. Ni kwamba mradi uliisha na hakuna aliyebaki na kazi ya kuangalia.

Historia ya kazi hii inajulikana. Ushahidi ilizaliwa Kenya Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, kwa mwito wa Ory Okolloh na mikono ya David Kobia na wenzao. Novemba mwaka huo huo ramani hiyo ililetwa Kongo, wakati wa vita vya CNDP ya Laurent Nkunda, siku ambazo raia waliuawa kwa wingi Kiwanja, tarehe 4 na 5. Baadaye programu iliachwa wazi ili yeyote aichukue bure na kuiweka kwenye seva yake. Ni zawadi kubwa iliyotoka kwa watu wa ukanda huu wenyewe. Ila cha bure ni programu. Matunzo si bure, na mashirika mengine husahau kuyaandika kwenye bajeti.

Matunzo yenyewe si uchawi. Fundi hakisii, anasoma. Kila seva ina daftari la makosa, na mstari wa mwisho wa daftari hilo unasema saa, faili na sababu. Anauliza: jana kilibadilika nini? Anaondoa kwa muda faili la .htaccess aone kama ndilo linalozuia. Anaangalia toleo la PHP. Anahakikisha neno la siri la hifadhidata bado ni lile. Anaangalia kama diski imejaa, na kama ile kazi inayojiendesha kila baada ya dakika chache kuvuta ujumbe wa simu bado inaendeshwa. Mara nyingi jibu linapatikana katika saa moja, kwa sharti awe na neno la siri la kuingilia. Kama neno hilo liko kwa mtaalamu wa ng'ambo ambaye mkataba wake uliisha, Kalembe itasubiri.

Kuna kosa jingine ambalo linastahili kuitwa dhambi. Fundi mwenye haraka, akiona faili halifunguki, anaweka ruhusa 777. Maana yake: kila mtu aliye kwenye mashine hiyo asome, aandike, afute. Ruhusa za kawaida ni 755 kwa makasha na 644 kwa mafaili, na zinatosha. Katika kiwanja cha wapangaji wengi, 777 ni kulala mlango wazi. Mahali pengine kitakachoibwa ni picha tu. Hapa katika orodha kuna jina na namba ya simu ya mtu aliyesema ni nani alichoma nyumba na ni nani anatoza pesa kwenye kizuizi. Watu hao bado wanapita kwenye kizuizi hicho kila siku ya soko.

Wenye mashirika watasema kwamba Kivu haina mafundi. Hilo ni tusi kwa vijana waliosoma Goma, Bukavu na Butembo, wanaotengeneza tovuti za watu wengine kwa malipo kidogo. Watasema pia kwamba neno la siri likiwa Kalembe, mwenye silaha atalichukua. Hapo wana haki. Goma yenyewe iliangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu ikafuata Februari. Lakini dawa yake si kulificha Ulaya. Dawa ni kulikabidhi kwa watu wawili wa Kivu wanaokaa miji tofauti, mmoja wao nje ya mstari wa vita, kila mmoja akiweza kumfungia mwenzake mlango akikamatwa. Na majina ya mashahidi yasiwekwe kabisa kwenye seva ya kupanga. Ramani inahitaji mahali na saa, jina halihitaji.

Shirika lolote linalokuja Kalembe na bango la tovuti mpya lijibu kwanza maswali matatu mbele ya viongozi wa mtaa na shirika la raia. Nani ana neno la siri? Nani anasoma daftari la makosa tovuti ikizima usiku? Nakala ya akiba iko wapi, na ilijaribiwa kurudishwa lini? Lisiloweza kujibu likunje bango lake. Wakaaji wataendelea kupigiana simu na kusikiliza redio kama zamani, na hakuna hata mmoja wao anayepaswa kutoa jina lake kabla majibu hayo hayajasikika.