Coltart alionewa Brookline

Ukimtaja Andrew Coltart, mashabiki wengi wa gofu hukumbuka siku moja tu: Jumapili ya mwisho ya Ryder Cup ya 1999 huko Brookline, Marekani.

Mzaliwa huyo wa Dumfries, Scotland, aliingia katika kikosi cha Ulaya kwa hiari ya nahodha Mark James, aliyemwacha nje mkongwe Bernhard Langer. Ajabu ni kwamba James, baada ya kumteua, hakumchezesha siku mbili nzima. Jean van de Velde na Jarmo Sandelin nao walibaki watazamaji. Ulaya ikaongoza kwa alama 10 dhidi ya 6.

Jumapili ni siku ya mechi za ana kwa ana, ambapo wachezaji wote 12 hushuka uwanjani. Coltart akakutanishwa na Tiger Woods. Alishindwa kwa mashimo matatu, mawili yakisalia. Van de Velde na Sandelin walipoteza vilevile, na Marekani ikatwaa kombe kwa alama 14.5 dhidi ya 13.5.

Wahenga walinena kuwa akiba haiozi, lakini mchezaji si nafaka ya kuwekwa ghalani. Coltart, bingwa wa Qatar Masters 1998, hakukosa kipaji. Alikosa mazoezi ya vita vyenyewe.

Mwaka 2001 alishinda Great North Open, na baada ya kustaafu akageukia utangazaji katika Sky Sports, akichambua mchezo wa wenzake.

Nahodha asiyemwamini mchezaji siku ya kwanza asimtwike mzigo siku ya mwisho.