Leseni Unayo, Lakini Ndege Hiyo Unaijua?

Umehitimu pale Wilson, leseni ya urubani iko mfukoni, na marafiki washaanza kuulizia safari ya Diani. Tulia kwanza. Kubeba abiria kunataka uwe umepaa na kutua mara 3 ndani ya siku 90 zilizopita.

Na kama umezoea Cessna 172, usirukie Piper PA-28 hivi hivi tu. Cessna inaweza kuvuta mafuta kutoka matangi yote mawili kwa pamoja. Kwenye Piper ni wewe unayebadilisha, kushoto au kulia. Ukisahau, injini inazima na tangi la pili bado limejaa!

Shida ni chapaa. Kila saa hewani inalipiwa, ndiyo maana wengine hung'ang'ania ndege moja. Siwalaumu. Anayenitia wasiwasi ni yule mwenye aina tatu kwenye leseni na hajagusa hata moja tangu Krismasi.