MGUU ULIOLEGEA USIFICHWE

Tunduma ni mlango wa nchi. Malori hupanga foleni kuelekea Nakonde, na watu huvuka mpaka kwa biashara na kwa udugu. Maradhi nayo huvuka bila pasi. Februari 2022 Malawi ilitangaza kuwa mtoto wa Lilongwe amepooza kwa polio. Mwaka 2023 kirusi cha ugonjwa huo kikaonekana mkoani Rukwa. Mara zote mbili watoto wa Songwe walichanjwa, nyumba kwa nyumba. Twawapongeza wachanjaji.

Lakini hatuna budi kuuliza: mtoto ambaye mguu wake umekwisha kulegea, nani apitaye nyumbani kwao?

Yafaa ieleweke kuwa kirusi cha polio huingia kwa kinywa na kukaa tumboni. Kwa wachache, kama mmoja kati ya 200, hufika katika uti wa mgongo na kuua chembe za fahamu ziamrishazo misuli. Chembe iliyokufa haifufuki kwa dawa yoyote. Hata hivyo zilizosalia huchipua na kushika sehemu ya kazi ya zilizokufa, na mazoezi huisaidia misuli irudishe nguvu iwezayo kurudi. Yako pia maradhi mengine ya mishipa ya fahamu ambayo hufuata homa au kuhara na kulegeza viungo vivyo hivyo. Wengi wa wagonjwa hao husimama tena.

Hakuna mzazi awezaye kuyapambanua kwa macho. Kwa hiyo mtoto aliyelegea ghafla apelekwe hospitali mara moja, choo chake kichukuliwe mara mbili kwa kupishana saa 24, kabla siku 14 hazijapita. Wako wasemao amerogwa, na wako wamfungiao ndani kwa haya. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Na hapa kiumbukacho ni kiungo cha mtoto, kwa maana kisiponyoshwa hukakamaa.

Siku ya 60 mganga huweza kumpima mtoto tena ajue kama udhaifu umebaki. Hiyo ni hesabu, na hesabu ni njema, lakini haimsimamishi mtu. Mtoto ahitaji mama yake afundishwe kumnyoosha goti na kifundo kila siku. Ahitaji magongo, na vyuma vya mguu vibadilishwavyo kadiri akuavyo. Mama wa Kamsamba hawezi kusafiri kila wiki hadi Mbeya kutafuta mambo hayo.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imekwisha kutaja haki ya matibabu na utengamao. Twazitaka halmashauri za Songwe ziufikishe ujuzi wa mazoezi ya viungo katika vituo vya afya vya kata, na twawataka wazazi wafungue milango. Tone la chanja humkinga mtoto ambaye hajaugua. Aliyekwisha kuugua naye ni mwana wa nchi hii.