Uzuri wa Shamba la Mizabibu na Mikono Inayolilima



Picha za mashamba ya mizabibu ya Afrika ya Kusini zinatufikia mara kwa mara katika simu zetu. Ndugu zetu wanaoishi Cape Town ndio wanaozituma: maharusi mbele ya nyumba nyeupe za kale, glasi za divai mezani, sanamu bustanini, na milima nyuma yake. Baadhi yenu wanatamani kufika huko. Wengine wanauliza kama yafaa Mkristu kutembelea mahali ambapo watu huenda kuonja pombe. Sisi tunaona kwamba kuna swali lililo zito kuliko hilo: ni nani aliyezichuma zabibu hizo, naye alilipwa nini?

Kuhusu divai yenyewe, imani yetu haina utata. Bwana alianza ishara zake katika harusi ya Kana. Kanisa linadai kwamba divai ya Misa itoke katika tunda la mzabibu, tena iwe haijaharibika. Yoshua bin Sira anaisifu divai inywewayo kwa kiasi, na papo hapo anamwonya mlevi. Hata desturi ya kuonja inatufundisha kiasi. Katika shamba kama Spier, karibu na mji wa Stellenbosch, ambalo historia yake inaanzia mwaka 1692, mgeni humiminiwa divai kidogo tu. Huitazama rangi yake, huinusa, huizungusha mdomoni. Waonjaji wenye ujuzi huitema katika chombo kilichowekwa hapo, kwa maana aliyelewa hawezi tena kutofautisha ladha. Kijana anayedhani kwamba kuijua pombe ni kumaliza chupa na ajifunze kwao. Baada ya kuonja, mgeni huweza kutembea na kutazama kazi za wasanii wa Afrika ya Kusini, ambazo shamba hilo limezikusanya kwa wingi. Na wenye harusi au mikutano hukodi nafasi huko. Hatuoni kosa katika hayo. Uzuri ni zawadi ya Mungu, na kazi ya msanii inastahili kutazamwa.

Lakini uzuri huo una historia. Mwaka 1658 meli iitwayo Amersfoort ilifika Rasi ya Tumaini Jema ikiwa na watumwa kutoka Angola, nchi jirani yetu. Wengi wao walikuwa watoto. Tarehe 2 Februari 1659, kabla mwaka haujatimia, Jan van Riebeeck aliandika kwamba divai ya kwanza ya nchi ile imekamuliwa. Mwaka 1685 Simon van der Stel alipewa shamba la Constantia, na divai yake tamu ikapata sifa katika majumba ya wafalme wa Ulaya. Waliolima walikuwa watumwa, waliotekwa Madagaska, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia. Utumwa ulifutwa mwaka 1834, na hata hapo waliowekwa huru walilazimishwa kuwatumikia mabwana wao miaka minne zaidi.

Anayetembelea Groot Constantia leo ataona, juu ya ukuta wa ghala la divai la mwaka 1791, sanamu za mchongaji Anton Anreith. Zinamwonyesha Ganimede, kijana ambaye, katika hadithi za Wayunani, alinyakuliwa kutoka kwao ili akawajazie miungu vikombe. Ghala lile lilitumikiwa na watu waliokuwa wamenyakuliwa kweli. Wageni wengi hupiga picha mbele ya ukuta huo na kwenda zao.

Kwisha kwa utumwa hakukumaliza uonevu. Kwa vizazi vingi wenye mashamba waliwalipa vibarua wao sehemu ya ujira kwa divai, wakiigawa mara kadhaa kwa siku. Desturi hiyo iliitwa «dop». Sheria iliikataza, lakini iliendelea mahali pengine hadi miaka ya 1990. Matunda yake machungu yako hadi leo: wilaya za mizabibu ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye watoto wengi waliozaliwa na ulemavu wa mwili na akili kwa sababu mama alikunywa pombe akiwa mja mzito. Mtoto huyo hakuonja kitu, lakini yeye ndiye anayelipa deni.

Mtu atasema: hayo ni ya zamani, tena ni ya nchi ya watu. Hatukubali. Mwaka 2012, huko De Doorns, vibarua wa mashamba ya zabibu waligoma kwa sababu ujira wa chini uliowekwa na serikali ulikuwa randi 69 kwa siku. Mwaka uliofuata ulipandishwa hadi randi 105. Na hapa kwetu je? Wazee wetu walijua kualikana kulima, na jioni kibuyu kikazunguka kati ya wote. Huo ulikuwa ushirika wa watu sawa, kwa kuwa leo ni shamba langu na kesho ni lako. Lakini yuko leo anayemwita kijana asiye na kazi abebe matofali mchana kutwa, kisha humpa chupa ya lutuku na kusema, «Tumemalizana.» Jambo hilo halina tofauti na «dop».

Kwa hiyo hatuwaambii msifike huko. Mkipata nafasi, nendeni; lakini nyumba ya kale ya Groot Constantia ina maonyesho juu ya watumwa wa shamba lile: ingieni humo kabla ya kuingia chumba cha kuonja. Mwulizeni anayewamiminia kama wachumaji wana mkataba wa kazi na makao mazuri. Anayenunua chupa atazame kama ina alama ya WIETA, chama kilichoanzishwa mwaka 2002 kuchunguza hali ya wafanyakazi katika mashamba na viwanda vya divai. Maswali kama hayo yakiulizwa na wageni wengi, mwenye shamba atayasikia.

Mtume Yakobo anafundisha kwamba ujira ulionyimwa wavunaji unalia, na kilio chake kinamfikia Bwana. Nasi, kila Jumapili, tunamtolea Mungu divai tukikiri kwamba ni tunda la mzabibu na la kazi ya mikono ya watu. Basi tusiisahau mikono hiyo tutokapo kanisani.

Kwa mazungumzo ya kikundi: katika mtaa wetu, ni nani anayelipwa kwa pombe? Nasi tutamwambia nini anayemlipa?